Jino la mwanangu limefungwa kwa mshipi wa kuvulia: je, tumebabaishwa?

*Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 11. Siku 9 zilizopita alianguka na baiskeli njia ya Raskazone hapa Tanga, jino moja la mbele la juu likang'oka zima na mzizi wake, na la pembeni yake likabaki linacheza. Kaka yake alilifunga lile lililong'oka kwenye leso akaja nalo nyumbani. Lilikaa hivyo kama nusu saa, mpaka jirani aliponiambia nilitie kwenye maziwa tukimbie hospitali. Kule walilirudisha mahali pake, wakalishikiza na meno ya jirani kwa uzi mwembamba unaong'aa. Baba yake ni mvuvi. Alipouona tu akasema huu ni mshipi, tena wa samaki wadogo. Anasema tumefanyiwa kazi ya kubabaisha, kwamba jino lilitakiwa lifungwe kwa waya mgumu kama wa watu waliovunjika taya, likae miezi mitatu hadi likaze. Sisi tumeambiwa turudi Ijumaa hii uzi utolewe, na kwamba mzizi lazima utibiwe. Jino halimuumi hata kidogo, ila nikiligusa bado linacheza. Sasa mtu anatibiwaje kisichouma? Na mama mkwe wangu, ambaye meno yake ya chini ya mbele yanacheza miaka sasa, ameona na yeye anataka afungwe huo mshipi. Naomba ushauri, nimechanganyikiwa.*

Marahaba mama, na poleni sana nyote. Nianze na linalowasumbua zaidi: hamkubabaishwa. Baba wa mtoto ameona sawasawa, huo ni mshipi, au nailoni ya aina ile ile. Alipokosea ni kudhani kwamba mshipi ni dalili ya hospitali kuishiwa vifaa. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno, ambao sisi madaktari wa meno tunaufuata kwa majeraha kama ya mwanao, unataja mambo mawili yanayofaa kulishikiza jino lililorudishwa: waya mwembamba wa chuma usiozidi unene wa milimita 0.4, au mshipi wa nailoni wa milimita 0.13 hadi 0.25. Umetajwa kabisa kwa jina lake, mshipi wa kuvulia samaki. Ni kweli huwezi kuutegemea kwa nguru, lakini kwa jino la mtoto unatosha na kusaza.

Mkipata nafasi mwangalieni vizuri mdomoni, mtaona jinsi kazi ilivyofanyika. Uzi umelala kwenye uso wa mbele wa meno, mbali kidogo na ufizi. Juu ya kila jino kuna kitone cheupe kigumu. Hiyo ni dawa ile ile tunayozibia meno, ya rangi ya jino, inayokaushwa kwa taa ya buluu. Daktari huanza kuushika uzi kwenye meno mazima ya pande zote mbili, halafu anahakikisha jino lililorudishwa limekaa katika mstari wake na mtoto akiuma halitangulii kugongana na la chini, ndipo analitia nalo kitone chake. Ikiwa vitone havigusi ufizi na mswaki unaweza kupita, basi mtu aliyefanya kazi hiyo anajua anachokifanya. Kifungo hiki chote, uzi pamoja na vitone vyake, tunakiita banzi la meno.

Sasa kwa nini uzi laini na si waya mgumu? Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo penye jibu la karibu kila ulichouliza.

Watu wengi hudhani jino limesimama kwenye taya kama nguzo iliyomwagiwa zege. Halikusimama hivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna nafasi ndogo sana, wastani wa milimita 0.2, na nafasi hiyo imejaa nyuzi hai, maelfu kwa maelfu, zilizoshika mzizi upande mmoja na mfupa upande wa pili. Jino linaning'inia ndani ya nyuzi hizo. Ndiyo maana hata jino zima kabisa, ukilibana kwa vidole viwili na kulisukuma, husogea kidogo sana. Ndiyo maana pia ukiuma punje ya mchanga kwenye wali unashtuka papo hapo: nyuzi hizo zina hisia, na ndizo zinazolijulisha taya kwamba kuna kitu kigumu.

Jino likitoka kwa kishindo, nyuzi hukatika. Nyingine hubaki zimening'inia kwenye mzizi, nyingine kwenye tundu. Likirudishwa mapema, na nyuzi za kwenye mzizi zikiwa bado hai, zile sehemu mbili hutafutana na kuungana upya. Kazi hiyo huenda haraka kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya wiki mbili hivi huwa zimeungana kiasi cha jino kujihimili lenyewe bila msaada. Banzi halilikazi jino. Nyuzi ndizo zinazolikaza. Banzi linakaa pale kulizuia lisitoke tena, lisigeuke, na lisimezwe usingizini, wakati mwili unafanya kazi yake.

Na nyuzi hizo, ili zipone zikiwa nyuzi, zinahitaji kuchezeshwa kidogo kila siku. Mtoto anapokunywa uji na kutafuna wali laini, jino linasukumwa kidogo sana, mshipi unanesa, nyuzi zinapata ujumbe kwamba kazi bado ipo. Ukilibana jino kwa waya mgumu wiki nyingi, ujumbe huo unakatika. Mwili, ukiona hakuna kinachosogea, unaanza kujenga mfupa kwenye ile nafasi ndogo, na mfupa unashikana na mzizi moja kwa moja. Mtu wa kawaida akiliona jino hilo atafurahi, maana limekaza kweli kweli. Daktari hatafurahi. Jino lililogandana na mfupa mwili huanza kulifanya sehemu ya mfupa, na mfupa wa binadamu kila siku unabomolewa na kujengwa upya. Mzizi unaliwa kidogo kidogo na nafasi yake inachukuliwa na mfupa, hadi siku moja kichwa cha jino kinakatika kwa kuuma mkate.

Zamani kweli tulifunga kwa chuma, na kwa miezi. Aliyechangia sana kubadilisha mawazo ni Jens Ove Andreasen, daktari wa Copenhagen, Denmark, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye majeraha ya meno. Mwaka 1975 alichapisha utafiti juu ya meno ya mbele ya kima yaliyong'olewa na kurudishwa, akilinganisha yaliyofungwa na yasiyofungwa, na yaliyofungwa ndiyo yaliyogandana zaidi na mfupa. Tangu hapo mabanzi yamekuwa yakipungua unene na siku zake zikipungua.

Kwa hiyo, Ijumaa mliyopewa haijakuja mapema. Jino lililotoka zima na kurudishwa hufungwa wiki 2, basi.

Nimtetee baba kidogo lakini, maana hakuyatoa maneno hayo hewani. Mfupa wa taya uliovunjika unahitaji kutulia, na ndiyo maana wale aliowaona wamefungwa waya mgumu. Na hata kwa meno, muda unategemea jeraha. Jino lililosukumwa kando pamoja na kipande cha mfupa hufungwa wiki 4. Jino ambalo mzizi wake umevunjika ndani hufungwa wiki 4 vilevile, na kama mvunjiko uko karibu na ufizi, linaweza kufungwa hadi miezi 4. Swali la kumuuliza daktari wenu ni moja: katika picha ya eksirei, mfupa unaozunguka jino ulikuwa mzima? Kama ulivunjika, atawaambia mwenyewe muda uongezwe. Kama ulikuwa mzima, wiki 2 zinatosha.

Kuhusu kucheza, kwanza acha kuligusa. Nakuelewa, mzazi hawezi kujizuia, na nina uhakika na bibi analijaribu ukigeuka, lakini kila kidole kinachokwenda kulipima kinazivuta nyuzi zilizoungana jana. Jino la siku 9 lazima licheze kidogo, na hata Ijumaa baada ya mshipi kutolewa litacheza kidogo kwa siku kadhaa. Sisi wenyewe tungekuwa na wasiwasi zaidi kama lingekuwa gumu kabisa na likigongwa kwa mpini wa kioo cha meno linatoa mlio mkali wa juu, tofauti na wenzake. Kucheza kubaya ni kule kwa jino linalozama na kupanda ukilibonyeza, au linalozidi kulegea siku hadi siku badala ya kutulia, au linalogongwa la kwanza mtoto akifunga mdomo. Ukiona mojawapo, usisubiri Ijumaa.

Swali lako la mzizi ndilo zuri kuliko yote: mtu anatibiwaje kisichouma? Katikati ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na chakula chake chote kinaingia kupitia kitundu kimoja kidogo kwenye ncha ya mzizi. Jino lilipotoka, njia hiyo ilikatika. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 ambaye jino lake la mbele limeota juzi, ncha ya mzizi bado iko wazi kama mdomo wa kikombe, na mishipa mipya inaweza kupenya na kulifufua. Mzizi wa jino hilo kwa kawaida hufunga ncha yake mtoto akiwa na miaka 10 hivi. Mwanao ana 11. Damu haiwezi tena kupenya, kiini kimekufa, na kilichokufa hakilalamiki. Utulivu huo ndio unaowapoteza wazazi wengi.

Kiini kilichokufa kikiachwa, bakteria hukifikia. Sumu yao hutoka kupitia vinjia vidogo vya ukuta wa mzizi na kukutana na sehemu ya nje iliyochubuka siku ya ajali, na hapo mwili huanza kuula mzizi kutoka nje kwa kasi ya kutisha. Nimeshaona eksirei za watoto ambao mzizi ulikuwa mzima mwezi wa ajali, na miezi michache baadaye umebaki nusu, na muda wote huo hakuna aliyelalamika maumivu. Ndiyo maana mwongozo unataka matibabu ya mzizi yaanze ndani ya wiki 2. Atachomwa ganzi, tundu dogo litatobolewa nyuma ya jino, kilichokufa kitasafishwa, halafu ndani itawekwa dawa ya kalisiamu haidroksaidi kwa muda usiozidi mwezi mmoja, ndipo mzizi uzibwe kabisa. Watu mtaani husema "wameua mshipa wa jino". Huo mshipa ulikufa siku ya baiskeli, daktari anautoa tu.

Jambo moja la utaratibu: wengi wetu hupenda kulitoboa jino mshipi ukiwa bado upo, kwa sababu limetulia. Kwa hiyo msishangae Ijumaa wakianza na mzizi na kumalizia na uzi. Na kama eksirei itaonyesha ncha ya mzizi wake bado haijafunga, maana watoto hawalingani, daktari anaweza kuamua kusubiri na kuchunguza mara kwa mara. Hilo pia ni sahihi, ili mradi kweli anachunguza.

Lile la pembeni, lililocheza bila kutoka, msikubali lichimbwe kwa haraka. Kiini chake kina nafasi nzuri ya kubaki hai. Huenda kwa miezi hata mitatu likawa halisikii baridi likipimwa, na hiyo peke yake haitoshi kuwa ushahidi kwamba limekufa. Mtu akitaka kulitibu mzizi Ijumaa hii, muulize kwa upole ameona dalili gani nyingine.

Sasa niseme ukweli kuhusu ile nusu saa kwenye leso. Zile nyuzi zilizobaki kwenye mzizi hufa zikikauka. Baada ya dakika 30 za ukavu nyingi huwa zimekwisha, na baada ya dakika 60 tunalihesabu jino kuwa nyuzi zake zote zimekufa. Mwanao yuko pale mpakani. Yawezekana jino likapona vizuri likaishi naye miaka mingi. Yawezekana pia, hata kila mtu akifanya kazi yake sawasawa, likagandana na mfupa taratibu. Kwa mtoto anayekua utaliona hivi: meno mengine yanashuka pamoja na taya linavyokua, hilo moja linabaki nyuma, mwaka hadi mwaka linaonekana fupi kuliko mwenzake. Likifika huko kuna hatua za kuchukua, mojawapo ni kukikata kichwa cha jino na kuuacha mzizi ndani ya mfupa ili taya lisinywee, na hiyo ni kazi ya mtaalamu bingwa. Kutoka Tanga huenda mkaelekezwa hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Utauliza, kama kuna hatari hiyo, kwa nini lising'olewe sasa awekewe la bandia? Kwa sababu hata jino litakaloishi miaka michache tu linamtunzia nafasi na mfupa katika miaka anayokua. Kipandikizi cha skrubu ndani ya mfupa hakiwekwi kwa mtoto, kinasubiri taya limalize kukua, yaani utu uzima. Jino la bandia la kuvaa na kuvua linawezekana, lakini kijana wa darasa la tano au la sita hulisahau bafuni, hulivunja mpirani, na utatengeneza jingine kila taya linapobadilika. Mimi ningekuwa mzazi wake ningelipigania hili alilozaliwa nalo hadi dakika ya mwisho, nikijua kwamba naweza kushindwa.

Kwa siku hizi zilizobaki, apigwe mswaki laini kila baada ya kula, na mshipi wenyewe usuguliwe taratibu juu na chini. Wengine huogopa kupiga mswaki wasije wakautoa, matokeo yake ukoga unajikusanya chini ya uzi, ufizi unavimba, na uvimbe huo unaharibu kile tunachokijenga. Kama alipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.12, ni mara mbili kwa siku, na isizidi wiki 2 maana inaacha rangi kwenye meno. Chakula kiwe laini: uji, bokoboko, wali, samaki aliyetolewa miiba, ndizi. Hakuna kuuma kwa meno ya mbele, kwa hiyo embe akatiwe, miwa na kashata vikae kando, na mahindi ya kuchoma ayasahau kwa sasa. Mpira na michezo ya kuruka kamba hapana. Kadi yake ya chanjo iangaliwe kwa ajili ya pepopunda, hasa kama jino liliangukia mchanga wa barabarani na hakuna aliyewauliza kuhusu hilo hospitali. Na kama alipewa antibayotiki, amalize dozi.

Baada ya mshipi kutoka kazi haijaisha, na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Daktari atataka kumuona tena baada ya wiki 4 tangu ajali, kisha miezi 3, miezi 6, mwaka, halafu kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5, na picha kila mara. Najua nauli na siku ya kazi ya mama vina gharama. Lakini yale mabaya niliyoyaeleza yote hayana maumivu mwanzoni, yanaonekana kwenye picha tu.

Nipite haraka kwenye leso, si kwa kumlaumu kaka yake, aliyefanya vizuri kuliko watu wazima wengi waliowahi kulitupa jino jalalani. Jino la utu uzima likitoka, lishikwe kichwani na siyo kwenye mzizi. Likiwa na mchanga lisuuzwe kidogo kwa maziwa, bila kusugua, kisha lirudishwe tundu lake pale pale na mtoto aume kitambaa hadi hospitali. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi. Kwa Tanga hii hakuna duka lisilo na pakiti ya maziwa ya Tanga Fresh, chukua ya kawaida, usichukue mtindi. Maji ya dafu watu wamekuwa wakiyafanyia utafiti na matokeo yanapingana, na yana uchachu ambao nyuzi haziupendi, basi yawe ya mwisho kabisa. Maji ya bahari hapana. Na mdogo wake wa miaka 4 au 5 akitoka jino la utoto msilirudishe kamwe, mnaweza kuliumiza la kudumu lililolala juu yake.

Sasa bibi. Mpeni salamu zangu na mmwambie asikate mshipi wa baba nyumbani.

Meno yake yanacheza kwa sababu nyingine kabisa. Kwa mtoto nyuzi zilikatika kwa siku moja na mfupa, nadhani, uko palepale. Kwa bibi, miaka na miaka ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu, umejijenga nyuma ya meno ya chini ya mbele, mahali ambapo mate humwagikia na ambapo mswaki haufiki, na bakteria wake wameufanya mwili uurudishe mfupa nyuma milimita kwa milimita. Jino lililokuwa limezama kwenye mfupa hadi shingoni sasa limeshikwa kwenye ncha tu. Ukilifunga jino hilo na majirani zake nao wamelegea, umewafunga pamoja wagonjwa wanne, na ugaga utaendelea kula mfupa chini ya banzi, tena kwa raha zaidi kwa sababu sasa kuna kona nyingi za kujificha.

Kwanza asafishwe, juu ya ufizi na chini yake, huenda kwa miadi kadhaa. Ufizi ukitulia, damu ikaacha kutoka akipiga mswaki, mara nyingi meno yenyewe hukaza kidogo bila kufungwa. Hapo ndipo tunapima. Kama yanacheza lakini anatafuna vizuri na hayazidi kulegea, yaachwe hivyo hivyo. Kama anashindwa kula kwa sababu yanacheza, au yanazidi kulegea, banzi lina faida ya kweli kwake, na tofauti na la mjukuu wake, la kwake huwekwa nyuma ya meno kwa waya mwembamba au utepe wa nyuzi za kioo, na linaweza kukaa miaka. Atalazimika kujifunza kusafisha chini yake kwa brashi ndogo za kupenyeza, na vitone huachia mara kwa mara, hivyo atarudi kutengenezewa. Jino linalozama likibonyezwa, hilo kwa kawaida limekwisha. Kulifunga ni kumwongezea gharama tu, na heri tumwambie mapema.

Apimwe sukari pia. Kisukari kisichodhibitiwa huharakisha kupotea kwa mfupa unaoshika meno, na ufizi mgonjwa nao huifanya sukari kuwa ngumu kushuka. Wapo waliogundua kisukari chao kwenye kiti cha meno.

Na kama ni mlaji wa tambuu, hasa yenye tumbaku, nataka aangaliwe mdomo mzima, siyo meno peke yake. Kidonda kisichopona ndani ya wiki 2, doa jeupe au jekundu shavuni, ganzi kwenye mdomo wa chini, au jino moja lililolegea ghafla wakati mengine yako imara, hivyo vinaweza kuwa dalili za saratani na havisubiri zamu ya kusafisha meno. Kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya Bombo hapa Tanga kinaweza kumwona kwanza na kumpa rufaa ikibidi. Aende na dawa zote anazomeza, hasa kama kuna za kuyeyusha damu au za mifupa, maana zinabadilisha tutakavyomtibu.

Kwa kijana, nendeni siku hiyo hiyo bila kusubiri Ijumaa kama mshipi umekatika au kitone kimebanduka, kama kuna usaha au kijipu kwenye ufizi, uso umevimba, au ana homa. Na ingawa siku zimepita, kichwa kikimuuma kwa namna isiyo ya kawaida, akitapika au akawa mzito wa usingizi mchana, huyo apelekwe kwa daktari wa kawaida kwanza, jino litasubiri. Mshipi ukibanduka upande mmoja njiani, baba asiukate kwa koleo lake. Mtoto aume kitambaa safi taratibu, mje.